Karatasi Mbili za Binti wa Fundi

Fundi cherehani huyu ukimuuliza habari za binti yake, usiwe na haraka. Ataondoa mguu kwenye kanyagio, atatema pini kiganjani, na ataanzia kwenye ngozi. Binti alizaliwa hana doa. Alipofika miezi minne ukurutu ukamshika mashavuni, ukashuka shingoni, ukaweka makazi kwenye viwiko na nyuma ya magoti. Miaka kumi na mitano sasa haujahama. Hutulia, watu wakashukuru, halafu huo umerudi.

Mkewe anafanya kazi kiwanda cha mikate, zamu ya mchana, kwa hiyo mambo ya kliniki yalimwangukia fundi, naye aliyabeba kwa mikono miwili. Saa ya kupaka mafuta anaijua bila kutazama ukutani. Sabuni yenye manukato haivuki kizingiti chake. Halafu kuna yale magauni ya kulalia: pamba laini, mishono imegeuzwa nje isimkwaruze mtoto, na mikono imeshonwa ikafungwa mwishoni kama mfuko, asijikune usingizini. Kila miezi sita humpima upya na kushona makubwa zaidi. Wateja wakimsifu, kichwa kinavimba.

"Daktari wake ni mimi," huwaambia. "Wale wengine wananisaidia tu."

Na kweli, kwa ngozi, hakuna aliyemfikia. Shida ni kwamba alidhani mtoto anaishia kwenye ngozi.

Kliniki walikuwa wamemzoea. Swali akiulizwa binti, jibu linatoka kwa baba. "Ulilala vizuri?" "Tuliamka mara mbili," fundi hujibu, utadhani magoti ni ya wote wawili. Binti huyo, ambaye baba humwita Kifungo tangu akiwa mdogo, hukaa akitazama viatu vyake.

Safari hii walimkuta nesi mpya. Akawapa karatasi ya maswali kumi na mawili, akatoka kidogo. Fundi, kama kawaida yake, akachomoa kalamu sikioni na kuweka tiki zote kumi na mbili kabla nesi hajarudi.

"Nani kajaza?" nesi akauliza.

"Mimi, baba yake."

"Asante mzee. Sasa na yeye ajaze ya kwake."

Fundi akatabasamu. Kazi ya kurudiarudia, lakini haya, waone wenyewe. Kifungo alichukua kalamu, akageuza kiti kidogo, akajaza bila kuinua kichwa.

Nesi akaziweka karatasi mbili sambamba mezani. Maswali manane ya kwanza yalikuwa ya ngozi, na tiki zililingana zote, hata idadi ya siku ambazo damu ilitoka.

"Mzee, sijawahi kuona mzazi anayejua hivi," nesi akasema.

Fundi akakaa vizuri kwenye kiti. Kisha macho yake yakashuka kwenye swali la tisa. Umekwepa watu? Yeye aliweka tiki kwenye hapana, binti kwenye kila siku. La kumi, hapana na kila siku. La kumi na moja vilevile. La mwisho liliuliza: Umewahi kufikiri ingekuwa afadhali usiwepo? Tiki ya fundi kwenye hapana ilikuwa imekandamizwa mpaka karatasi ikakaribia kutoboka. Tiki ya Kifungo ilikuwa kwenye siku nyingi.

Fundi akaweka kidole kwenye tiki ile.

"Umekosea mstari, mama," akasema, na sauti haikuwa yake. "Hebu soma tena, taratibu."

"Sijakosea, baba."

"Tangu lini?"

"Mwaka jana."

"Mwaka jana! Mimi nilikuwa wapi?"

"Ulikuwepo. Ulikuwa unanipaka mafuta."

Maswali yakamtoka fundi kwa mpigo: nani kamsema, ni shuleni, ni nani, amwonyeshe huyo mtu leo hii! Nesi akamwinulia kiganja.

"Mbona hukuniambia?" fundi akauliza, sasa kwa kunong'ona.

Kifungo akamtazama usoni kwa mara ya kwanza tangu waingie.

"Ungenishonea kitu."

Hakusema kwa ubaya, na hilo ndilo lililomkata maini. Ingekuwa tusi angejitetea. Lakini ilikuwa kweli tupu: kichwa chake kilikuwa kimeshaanza kutafuta kitambaa.

Nesi akaeleza polepole. Ugonjwa usiokwisha haraka huuchosha na moyo. Dawa za kupaka zitaendelea, lakini leo binti haondoki kabla hajaonana na mshauri, na atarudi kila wiki.

"Na wewe mzee, nyumbani muulize waziwazi. Kumuuliza hakumwekei wazo hilo kichwani. Lipo tayari."

Nesi akatoka kumwita mshauri, akauacha mlango wazi. Mtu aliyejua kila kipele cha mwanawe alikaa pale hajui hata aanze na neno gani. Akaikusanya mikono yake mapajani, kwa kuwa haikuwa na kazi.

"Leo umewaza hivyo?"

Kifungo alichelewa kujibu, na baba hakumjibia.

"Asubuhi ndiyo," akasema. "Sasa hivi, hapana."