Anayeuliza Saa Saba Mchana

"Mimi sisemi kitu," alisema Mastura, jirani wa nyumba ya kona, na Mastura akianza hivyo basi kaa kitako usikilize. "Lakini kwa Bi Bakhita marehemu hajatoka. Saa saba mchana unamsikia anasema. Na yeye bibi anamjibu."

"Labda redio," alisema Rahila.

"Redio ikuulize swali, kisha inyamaze ikungoje?"

Rahila alikuwa na mwezi mmoja tu tangu ahamie Azaiba, mtaa wa Maskati, kutoka kwa wakwe zake Matrah, yeye na mumewe na binti yao Ruba wa miezi mitano, na nyumba waliyopanga ilishirikiana ukuta na ya Bi Bakhita. Alichojua ni kile alichojua kila mtu mtaani: kwamba bibi huyo alifiwa na mumewe, Ghanim, katikati ya Aprili mwaka ule wa 2001, na kwamba yumo edani, hatoki mlangoni mpaka itimie miezi minne na siku kumi.

"Na yule mbwa wake umemwona?" Mastura aliendelea. "Mbavu unazihesabu moja moja. Nyama anapewa, maziwa anapewa, samli anapewa, na anazidi kukonda. Kinachokula mle si mbwa, shoga. Tena mbwa dume! Wazee wetu kwa mwenye eda hata jogoo walikuwa wanamfukuza." Alicheka, kisha akaacha kucheka. "Wewe una mtoto mchanga. Ukisikia umeulizwa neno jua la utosini, na aliyekuuliza humwoni, usiitike. Anayeitika ndiye anayechukuliwa."

Kesho yake Rahila alikuwa uani, Ruba kiunoni, anaanika nguo za mtoto. Ilikuwa saa saba, mwanzo wa Julai, saa ambayo Azaiba huwa kama mji uliohamwa: maduka yamefungwa, paka wamelala chini ya magari, na ukuta ukiugusa unakuunguza. Akaisikia. Sauti ya mwanamume, nzito, ya mtu aliyeshiba na asiye na haraka.

"Ushampa?"

Kimya. Rahila alihisi vinyweleo vinasimama mikononi katika joto lile. Kisha sauti ya mwanamke, karibu na ukuta:

"Nshampa."

"Haya, kula, baba," ikasema ile ya mwanamume.

Rahila alimbana Ruba kifuani na kumziba sikio kwa kiganja. Lakini alikuwa mtu wa kusikiliza mpaka mwisho, hata akiogopa. Na mwisho kabisa alisikia kitu kidogo, *kwaa*, kama kitufe kinachobonyezwa.

Siku ya pili alipika wali wa nazi na samaki, akafunika sahani kwa kitambaa, akambeba mwanawe na kwenda kupiga hodi.

"Karibu, mwanangu, karibu. Pita. Usimuogope huyo, hana nguvu hata ya kubweka."

Bi Bakhita alikuwa mwanamke wa miaka sitini hivi, mrefu, amevaa nguo nyeupe isiyo na ua, hana wanja, hana hina. Mkononi alikuwa na kofia anayoidarizi. Kazi hiyo ndiyo iliyomweka mjini. Alizaliwa Unguja, akaja Maskati mwaka wa sabini na tano akiwa na miaka saba ya ndoa, hakujaliwa mtoto, na kwa miaka ishirini na sita wanaume wa Azaiba na Ghubra walikwenda sala ya Idi na mishono yake kichwani. Kofia moja ilimchukua miezi miwili. Hakuchora kwanza kama wengine. Alitoboa tundu kwa kukisia, na tundu la mwisho likakutana na la kwanza.

Mbwa alilala chini ya kiyoyozi. Alikuwa wa aina ile ndefu ya mbio, saluki, rangi ya mchanga, masikio ya manyoya kama nywele za msichana. Mifupa ya nyonga ilimchomoza kama pembe za meza. Jina lake Mshale.

"Marehemu alikuwa mtunza ghala uwanja wa ndege," alisema Bi Bakhita, "lakini moyo wake ulikuwa kwa mbwa wa watu. Kila Ijumaa ya msimu wa baridi yuko Emirati, anawakimbizia matajiri mbwa wao. Huyu kashinda mara sita. Mwaka huu kavunjika kidole cha mguu, tajiri wake akasema, mtupeni jangwani. Ghanim akamtia garini akamleta kwangu. Mie nikapiga kelele: mbwa, ndani ya nyumba ya sala! Akaniambia, Bakhita, huyu kakimbia maisha yake yote na njaa ili awe mwepesi, sasa nataka nimuone kanenepa. Wiki tatu baadaye yeye mwenyewe kaanguka hapo mlangoni." Alikata uzi kwa meno. "Akanambia neno moja tu kabla ya kukata kauli. Mlishe."

Tangu siku ile ya mazishi Mshale hakugusa chakula. Siku tatu. Ya nne, Bi Bakhita alikuwa anatafuta kanda ya Kurani katika mtoto wa meza akaikuta nyingine, ile ambayo Ghanim alikuwa ameanza kumrekodia dada yake Unguja barua ya sauti, kama walivyofanya watu wengi wakati ule. Akaitia kwenye redio kaseti. Katikati ya salamu Ghanim anakatiza, anageuka upande wa jikoni na kuuliza, "Ushampa?" Jibu la mkewe halikuingia, jiko lilikuwa mbali. Kuna kimya tu, kisha anasema, "Haya, kula, baba," na kurudi kwenye salamu zake.

"Mbwa akainuka," alisema Bi Bakhita. "Akasimama mbele ya sahani, hali. Nikairudisha kanda. Akasimama tena, ananitazama. Mara ya tatu, sijui nilifikiri nini, pale kwenye kimya nikajibu kama siku ile. Nshampa. Akala."

Rahila alipumua. Kumbe ni kanda. Alitaka kucheka, akataka kukimbia kwa Mastura kumwambia. Lakini macho yake yalikuwa kwa mbwa, na swali lilimtoka lenyewe.

"Sasa mbona hanenepi?"

"Anatapika. Nampa sahani kubwa, nyama na samli, anaifyeka, kisha anairudisha yote."

Ruba alizaliwa kabla ya siku zake, mimba ya miezi minane, ana kilo moja na nusu. Rahila alimkuza kwa kijiko, kidogo kidogo, kila baada ya saa mbili, usiku na mchana. Alijua tumbo lililozoea njaa linavyoogopa chakula.

"Bi Bakhita, usimpe kwa wingi. Mpe mara tano kwa siku, kiganja kimoja. Wali mlaini na supu ya kuku, tende zilizolowekwa, yai. Samli iache kwanza. Na minyoo je? Kuna mtu amempa dawa?"

"Nani wa kwenda kwa daktari wa mifugo? Mie nimo ndani."

Basi akaenda Rahila. Alirudi na dawa ya minyoo kwenye mkoba wa nepi, na akachukua mizani yao ya bafuni. Mbwa hasimami juu ya mizani, kwa hiyo walifanya kama walivyomfanyia Ruba zahanati: Bi Bakhita akampakata Mshale akapanda naye, kisha akapanda peke yake. Pamoja, kilo sabini. Peke yake, hamsini na tano.

"Kumi na tano," alisema Rahila. "Daktari kasema saluki dume, akipungua sana, awe ishirini na mbili."

"Ishirini na mbili basi," alisema Bi Bakhita. "Afike hapo, nimwambie Ghanim nshamaliza."

Rahila akawa anakuja kila siku mumewe akiwa kazini. Alivaa gauni kuukuu la kazi ile tu, na mbwa akimlamba mkono aliuosha mara saba, moja kwa udongo, kama alivyofundishwa. Mastura alimsubiri mlangoni.

"Enhe? Umemwona marehemu?"

"Ni kanda, da Mastura. Kaseti."

"Kaseti. Na anayeitika je, naye kaseti?"

Wiki ya kwanza Mshale hakutapika. Jumatano wakapima. Pamoja, sabini. Bi Bakhita peke yake, hamsini na nne.

"Kumi na sita! Kaongeza kilo!" Walifurahi, wakanywa kahawa. Rahila alipofika kwake, anamkosha mtoto, ndipo hesabu ilipomrudia. Pamoja walikuwa sabini wiki iliyopita, na leo pia sabini.

Jumatano iliyofuata, pamoja sabini. Bibi, hamsini na tatu. Mbwa, kumi na saba.

Rahila akaipeleka mizani nyumbani akapanda yeye, akampandisha mumewe, akapima gunia la mchele la kilo ishirini. Mizani haikuwa na kasoro. Akaanza kuchungulia sahani ya Bi Bakhita. Bibi alikula vizuri. Mkate wa kumimina aliomletea aliumaliza mbele yake, akaramba vidole. Lakini bangili ya dhahabu, ambayo hakuivua kwa kuwa haikutoka tangu ujana, sasa ilishuka mpaka kwenye vidole akiinamisha mkono, na akiuinua inateleza mpaka kwenye kiwiko.

Mbavu za Mshale zilianza kufunikwa. Manyoya yakang'aa. Mara tano kwa siku kanda ilirudishwa nyuma na kupigwa, na mara tano Bi Bakhita aliitika. Kanda ilichoka. Sauti ya Ghanim ikawa nzito zaidi, ya polepole, kama mtu anayesema kutoka ndani ya mtungi. Na kile kimya baada ya swali, Rahila angeapa, kilikuwa kinarefuka. Mwanzoni ulikuwa ni muda wa pumzi moja. Mwisho wa Julai aliweza kusoma Fatiha ndani yake.

"Tujaribu bila kanda," alisema Rahila. "Uliza wewe, ujibu wewe."

Walijaribu. Mshale alimtazama Bi Bakhita kwa huruma, kama mtu mzima anayemtazama mtoto anayedanganya, akalala.

Siku moja, wiki ya pili ya Agosti, umeme ulikatika mtaa mzima. Ilikuwa saa saba. Rahila alikaa kwenye mkeka na Ruba mapajani, na redio ilikuwa mezani, imezimika, haina hata betri. Mshale akainua masikio. Akanyanyuka, akaenda kusimama mbele ya sahani yake. Bi Bakhita, ambaye alikuwa anatunga uzi kwenye sindano, hakuinua kichwa.

"Nshampa," alisema.

Mbwa akala. Ruba alikuwa amegeuza shingo yake ndogo kuelekea mlangoni, pale alipoangukia Ghanim, naye alikuwa anacheka, kile kicheko chake anachomchekea mtu anayemjua.

Rahila alimkusanya mwanawe akaenda zake, na kwa siku mbili hakuja. Siku ya tatu alirudi, kwa sababu alifikiria mikono ile ikimnyanyua mbwa peke yake.

"Twende hospitali," alimwambia. "Mgonjwa katika eda anatoka. Sheikh amesema, ni dharura, hapana dhambi."

"Sheikh gani? Kaulizwa na nani?"

"Nimemuuliza mimi, kwa simu."

"Ala! Umenitia mdomoni mwa masheikh." Bi Bakhita alicheka mpaka akakohoa. "Nimemkalia Ghanim ndoa ya miaka thelathini na mitatu bila kumtia doa. Nimebakisha siku sita tu. Siivunji eda mlangoni. Ikisha, nipeleke utakako."

"Na ukifa kabla ya siku sita?"

Rahila alishtuka kwa neno lake mwenyewe. Bi Bakhita hakushtuka. Aliweka kofia chini. Ilikuwa imekwisha, ila tundu moja.

"Tupime kwanza," alisema.

Hakuweza kumnyanyua. Rahila ndiye aliyempandisha Mshale mikononi mwake, na ndiye aliyemshika bibi kiuno asiyumbe, kisha akamwachia kwa nukta moja ili asome. Sabini. Halafu peke yake. Arubaini na tisa.

"Ishirini na moja," Rahila alisema. Mshale alisimama kati yao, mzuri, shingo imejaa, mkia unapiga miguu ya wote wawili. Alibakisha kilo moja.

Bi Bakhita alikaa taratibu kitandani, akaisukuma bangili juu, nayo ikashuka. Akamwita Mshale, akampapasa mbavu kwa vidole vyake vya kukisia, tundu hadi tundu, na hakuukuta mfupa.

"Mwanangu," alisema, "mie nimejibu mpaka nimechoka. Na huyu akikosa wa kumjibia atarudi kule kule, akonde afe, nami nilikubali kumlisha. Sikuombi umchukue. Sikuombi chochote cha kudumu." Alitazama mlangoni, kisha akamtazama Ruba aliyelala begani kwa mama yake, na akashusha sauti asimwamshe. "Kesho saa saba njoo, mtoto umwache kwa Mastura. Akiuliza, mie ntanyamaza. Itika wewe."