Ukiudaka, Usisimame

Nilijiunga na timu ya futiboli ya Kimarekani kwa sababu ya trei ya mayai. Ulikuwa mwaka wangu wa pili Brussels. Nilikuwa natoka dukani Jette, mayai nimeyabeba mkono wa kushoto, nikakatiza bustanini ili nifike haraka nyumbani Ganshoren, mtaa wa pili. Kwenye nyasi wanawake walikuwa wanarushiana mpira wenye umbo la papai. Mpira ukawapotea, ukaja moja kwa moja kwenye mayai yangu. Sikufikiri. Niliudaka kwa mkono mmoja, nikasimama imara, na hata yai moja halikupasuka.

“Mama yangu!” mtu akapiga kelele. “Ule muntu anajua kukamata!”

Kiswahili! Tangu nifike, Kiswahili changu kilikuwa cha simu za nyumbani na cha mume wangu, naye alikuwa anarudi kutoka kazini ubalozini akiwa hana hamu ya kuongea lugha yoyote. Nilitaka kuyatupa mayai nikamkumbatie huyo aliyepiga kelele. Alikuwa mama wa makamo mwenye mabega mapana, Mkongo wa Lubumbashi, muuguzi wa hospitali pale Jette. Wote walimwita maman, yaani mama kwa Kifaransa, hata kocha, mwalimu wa jiografia mwenye masharubu. Ndani ya timu maman alikuwa mpokeaji wa pembeni, yaani yule anayekimbia ukingoni mwa uwanja, anageuka, na kuletewa mpira wa mbali. Alikuwa na nafasi hiyo tangu timu ianze.

Walichokuwa wanacheza ni ile aina isiyo na kuangushana. Kila mchezaji anafunga mkanda wenye tepe mbili kiunoni. Ukiwa na mpira, adui akikuvuta utepe, mbio zako zimeishia hapo. Nikawaambia nitakuja Jumamosi.

Sasa niseme ukweli wa moyo wangu. Nyumbani Tanzania nilicheza mpira wa pete tangu shule ya msingi mpaka timu ya benki niliyofanyia kazi, na watu walikuwa wananijua. Brussels hakuna aliyenijua. Kwenye kila karatasi nilikuwa mke wa mtu fulani, nimemfuata mtu fulani, naishi hapa kwa sababu ya mtu fulani. Nilitaka kitu changu mwenyewe. Na Jumamosi ile ya kwanza, nilipomwona maman anapokea mpira wa mbali huku mwenzake wa Kibelgiji akishangilia, nilijua ni kipi. Niliitaka nafasi yake.

Mikono ninayo, na sijawahi kuionea haya. Shida ilikuwa miguu. Anayejua mpira wa pete ameshacheka tayari: kule ukidaka mpira, unasimama. Ukitembea nao, filimbi. Miaka yote ile mwili wangu ulikuwa umefundishwa hivyo, na mwili hauulizi uko nchi gani. Mrushaji alinitupia mpira mzuri, nikauchukua juu ya vichwa vya watu wawili, nikatua, nikaganda. Mbele yangu uwanja mtupu, nyasi tupu mpaka mwisho. Mimi huyo, mguu mmoja umepigwa msumari, natafuta mtu wa kumpasia.

“Uko nangoja nani, weye?” maman akauliza kutoka upande wa pili. “Uko nangoja bus?”

Walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Nilikasirika, na mimi nikikasirika huwa sinyamazi; niliwaambia kwa Kiswahili maneno ambayo nashukuru ni mtu mmoja tu aliyeyaelewa. Huyo mmoja ndiye aliyecheka zaidi. Jumamosi iliyofuata nikaganda tena, na iliyofuata vilevile. Kocha akawa ananitazama kama mtu anayetazama gari zuri lisilowaka.

Jumapili jioni, baada ya kanisa, timu nzima ilikuwa inajazana sebuleni kwa maman, Jette. Saa moja usiku mechi za Marekani zilikuwa zinaanza kwenye televisheni, na mume wa maman, ambaye sisi sote tulimwita tonton, yaani mjomba, alikuwa hakosi hata moja. Bukari, yaani ugali wao, ilikuwa mezani na sombe, ambayo mimi naiita kisamvu na nikiiita hivyo wananizomea. Kazi yetu ilikuwa moja: kulinganisha wapokeaji. Kila msimu unaleta vijana wapya waliotoka vyuoni, na tonton alikuwa anampima kila mmoja kwa wakongwe wake. Huyu ana miguu ya fulani. Huyu hana hata kiatu cha fulani.

Mimi nilikuwa upande wa vijana, tena kwa sauti ya juu.

“Tonton, mwangalie huyu mpya anavyoruka! Huyo mzee wako anatembea kama anafuata pensheni!”

“Bon, anatembea,” tonton akajibu. “Lakini angalia kiwiko. Anamusukuma mulinzi kidogo tu, na mwamuzi anazania ni salamu. Mutoto wako atajua ile lini?”

“Atajifunza! Apewe nafasi tu!”

“Alors, apewe na nani? Mwenye nafasi eko pale!”

Sote tulijua kwamba hatuwazungumzii Wamarekani. Maman alikuwa amekaa karibu na dirisha, anachambua nyama ya kuku kwenye mfupa kwa utulivu mkubwa.

“Minasikia,” akasema. “Endeleeni.”

Hata hivyo, jambo moja niliwakubalia wakongwe, ingawa sikumwambia tonton. Kijana mpya akiuangusha mpira, huwa anaitazama mikono yake kana kwamba ni ya kuazima. Mkongwe akiuangusha, anarudi kwenye mstari anarekebisha glavu, anasubiri mwingine. Nilianza kumtazama maman mazoezini, nikaona ni hivyo hivyo. Alikuwa anaangusha mipira, tena si michache, na hajawahi kuitazama mikono yake hata siku moja. Mimi sikuwa naangusha, lakini kila nilipoganda nilikuwa naitazama miguu yangu.

Jumapili moja, wengine wakiwa wameondoka, maman akanizuia mlangoni kwake. Akanisimamisha mwanzo wa korido yao ndefu, akachukua mpira, akaniamuru nitembee kuelekea jikoni.

“Minakutupia. Ukikamata, hausimame. Unaenda mpaka ku frigo, unafungua, unatoa maji, unaletea tonton. Njo unaweza kusimama.”

“Maman, kwa nini unanifundisha? Unajua ninachokitaka.”

“Minajua, sana.” Akaupigapiga mpira kiganjani. “Donc, unataka kuniondoa na miguu ile ya kusimama? Apana. Ile ni aibu yangu. Kama utaniondoa, uniondoe muzuri.”

Tonton alikunywa maji mengi msimu ule. Alilalamika kwamba hapati usingizi kwa kwenda msalani, lakini akaendelea kuyapokea.

Ikafika mechi ya mwisho ya msimu, uwanja wa Ganshoren, dhidi ya timu ya wasichana wadogo wenye mbio za kuudhi. Kocha akamwanzisha maman. Nilikaa benchi nikiwa nimevimba, mume wangu nyuma yangu amebeba koti langu, na kila aliponigusa bega nilimwondoa mkono. Maman akapokea mpira mmoja mzuri sana, akaangusha mmoja, akarudi kwenye mstari akirekebisha glavu. Nilimshangilia. Moyo wangu mmoja ulikuwa unamshangilia na mwingine unamwambia aje akae.

Kipindi cha pili akaja mwenyewe. Hakuitwa. Alitoka anahema, jasho linamtiririka, akamwambia kocha kwa Kifaransa kwamba sasa ni zamu ya mdogo. Maman akafungua glavu zake kwa meno, akaketi pale nilipokuwa nimeketi mimi.

“Enda. Kama utasimama, minakuchapa mbele ya bwana yako.”

Nikaingia. Mipira miwili ya kwanza haikuja kwangu. Wa tatu ukaja, juu, mzuri, unazunguka, nikauona unavyokua. Nikaruka, nikaushika kwa mikono miwili, nikatua. Na nikaganda.

Naapa niliganda. Miaka yote ile ya pete ilinishika kifundo. Lakini wale wasichana wawili waliokuwa wananifuata mbio hawakutegemea mtu mwenye akili timamu asimame pale. Wakanipita mmoja kulia na mwingine kushoto, mikono imenyooka, wakavuta hewa, wakagongana mbele yangu. Nilisimama nikiwatazama.

“Frigo!” maman akanguruma kutoka benchi. “Frigo, weye! Frigo!”

Nikakimbia. Nyasi zote zile zilikuwa zangu. Nilikimbia nikicheka kwa sauti, tepe zinapepea kiunoni, nikavuka mstari wa mwisho na nikaendelea kukimbia mpaka kwenye uzio kwa sababu hakuna aliyekuwa ameniambia sasa simama. Nilipogeuka, mume wangu alikuwa amelitupa koti langu kwenye matope anarukaruka kama mtoto, na maman alikuwa amesimama juu ya benchi. Sikumbuki tulishinda kwa ngapi. Nakumbuka nililia, na sikujali ni nani ananiona.

Msimu uliofuata kocha alikuwa ananianzisha mimi, na maman anaingia nikichoka. Hatukuwahi kulizungumza.

Msimu huohuo, Jumapili moja tumejaa sebuleni kama kawaida, kijana mpya wa Kimarekani akadaka mpira katikati ya uwanja, akasita, walinzi wawili wakampita kasi, naye akachomoka akakimbia mpaka mwisho. Watangazaji wakapiga mayowe. Tonton akaruka kutoka kwenye kiti, kijiko cha sombe mkononi, akaionyesha televisheni.

“Muone! Muone! Uyu anacheza kama ule Mutanzania wetu!”

Watu wote wakageuka kunitazama. Nikakosa pa kuweka uso. Maman alikuwa karibu na dirisha, akasubiri waonyeshe tena lile tukio polepole, akalitazama mpaka mwisho, akatikisa kichwa.

“Apana,” akasema, macho yake yakiwa kwangu. “Uyu angali mupya.”