Mbuzi Ndani ya Kabati la Kioo

Nimelea mtoto mmoja Dubai miaka kumi na saba, kwenye nyumba ya watu wenye asili ya Unguja. Alipoanza kusema, alisema Kiswahili, hiki chetu cha jikoni, changu na cha bibi yake. Akatiwa shule ya Kiingereza, basi, khalas. Namwamkia kwa Kiswahili, ananijibu "yes". Bibi yake amekufa akijibiwa hivyohivyo. Sasa binti kapata chuo Ulaya, na madam kaniambia nimsindikize, nimpangie chumba, kisha nirudi nifungashe vyangu niende kwetu. Mwenzenu nilikuwa na haja moja tu moyoni: aniite yaya, kama zamani, kabla hatujaachana.

Siku ya tatu tukaingia makumbusho ya chuo chenyewe. Jengo kuukuu hilo, ngazi za mbao zinalia kila ukikanyaga. Yeye alitaka tupite haraka, lakini macho hayana pazia. Nilichungulia kila kabati: mafuvu, darubini za shaba, nyoka kwenye chupa, mayai ya ndege yaliyoandikwa kwa wino, herufi ndogo kama chawa. Nani alikuwa na subira hiyo, na mkewe alimwambiaje?

"Yalla," binti akasema. "Yalla!"

Mara, he! Mbuzi! Mbuzi ya kukunia nazi, na ulimi wake wa chuma, imewekewa taa kama bibi harusi. Nikamwuliza maandishi yanasemaje. Akanisomea kwa Kiingereza, kwa uvivu: kigoda, Afrika Mashariki, matumizi hayajulikani.

Hayajulikani! Nilicheka mpaka mlinzi akaja, mzee mpole mwenye miwani.

"Sir," nikamwambia, "goat!" Kiingereza changu ni cha kuokoteza, na mbuzi ni mbuzi. Mzee wa watu akainama kwenye kioo akitafuta pembe.

Binti akasogea dirishani, kama aliyekuja na watu wengine. Hapo nilipandwa na hasira. Wali wote ule aliokula, nazi yake ilijikuna yenyewe? Nikakusanya gauni, nikachuchumaa sakafuni, mguu huku na mguu huku, nikakuna hewa kwa mikono miwili.

Mlinzi akamgeukia binti, akamwuliza kama ni kweli. Binti akazidi kutazama nje. Hasira ikaniisha, nikaona haya. Nimemwaibisha mtoto katika chuo chake, nikajiambia, na sasa nimemkosa moja kwa moja.

Kisha nikasikia viatu vyake vinakuja. Akasimama mbele yangu, kakunja uso.

"Sivyo, yaya," akasema, Kiunguja kitupu cha bibi yake. "Mbona wakaa kama mwanamme? Mwanamke hukaa upande."

Machozi yakanitoka palepale, mlinzi ananitazama. Nikavuta gauni, nikakaa upande.