Karatasi Tano Kati ya Koili Mbili

Nakumbuka siku moja, mwanangu, nilipokaribia kumuua mtu aliyenifundisha kazi, kwa uvivu wa kufuata karatasi tatu.

Nilikuwa binti wa miaka ishirini, najifunza kutengeneza televisheni kwa Mzee Mahimbo, pale Mwananyamala. Chini ya meza yake ilikaa transfoma nzito. Koili moja, yaani waya uliozungushwa mara nyingi, inapokea umeme wa ukutani, ya pili inalisha meza, na katikati yake zimo karatasi tano ngumu za kuzuia umeme. Koili hazigusani popote, lakini nguvu inavuka! Mpaka leo, na uzee wangu huu, nikiliwaza jambo hilo nasisimka. Mzee alikuwa anashika chuma cha ndani cha televisheni inayowaka, kasimama pekupeku kwenye sakafu, na hadhuriki, maana umeme wa meza haukuwa na njia ya kwenda ardhini. Alinikataza jambo moja tu, kushika waya zote mbili za meza kwa pamoja, maana hapo hakuna cha kukuokoa.

Siku hiyo transfoma iliungua, akanipa niisuke upya. Karatasi zilizobaki zilikuwa mbili. Niende Kariakoo kununua tatu na jua lile? Nikajazia solotepu, nikafunika vizuri, nikawasha. Televisheni ikatoa picha safi, nami nikajiona fundi kwelikweli.

Baada ya muda Mzee akaja, ametoka kutawadha, miguu inachuruzika maji. Akanyoosha mkono kwenye televisheni. Nikapiga kelele.

"Mzee, usiguse!"

"Kuna nini, binti?"

Nikamwambia yote, nikisubiri kufukuzwa. Hakufoka. Alichukua taa ya kupimia, ncha moja akaigusisha kwenye waya wa meza, nyingine kwenye waya wa ardhini. Taa ambayo haijawahi kuwaka kwenye meza ile, ikawaka. Joto la koili lilikwisha kuiyeyusha solotepu, koili zikagusana.

Akaitazama taa, akaitazama na miguu yake.

"Hiyo taa ndio mie," akasema taratibu.

Nililia kama mtoto, na kesho yake alfajiri nilikuwa Kariakoo, duka halijafunguliwa.

Basi, mwanangu, usipunguze kile ambacho mteja hatakiona. Picha safi haikuambii kwamba ndani ni salama, kwa hiyo pima kabla mkono wa mtu haujafika. Ukipungukiwa na kitu, zima, ukakitafute. Mola akupe mikono mitulivu, na kila atakayeishika kazi yako arudi kwao mzima.