Mazoezi ya Kumfukuza Mwizi wa Baharini

Wazungu wawili wazee, mke na mume, walikaa kwetu Nyakisasa siku tatu gari lao lilipokatika springi. Walikuwa watu wa kuzunguka dunia kwa boti ya matanga, na boti yenyewe walikuwa wameiacha Tanga. Mke alijua Kiswahili kizuri kuliko changu. Mimi nimeishia darasa la saba na bahari nimeiona kwenye simu tu, lakini tangu utoto nikiyaona maji ya mto Ruvubu yanakwenda, roho yangu inakwenda nayo. Niliwauliza maswali mpaka mzee wa kiume akaanza kujifanya amelala.

Siku ya kuondoka walisema wanatafuta kijana wa kulinda boti wakitia nanga nchi za watu. Jumamosi wangenipigia simu kunipima. Wakaniachia karatasi ya masharti: mgeni asiambiwe mko wangapi wala mnaondoka lini, ngazi ivutwe juu, kitu cha thamani kisionekane. La mwisho walilipigia mstari mara mbili: mtu usiyemjua asipande, hata awe mpole namna gani.

Nikaanza mazoezi siku ileile. Boti ilikuwa ule mtumbwi wa mti tunaokamulia ndizi za pombe ya rubisi. Niliuburuta kutoka mgombani mpaka uani, nikakaa ndani na fimbo. Dada yangu akawa mwizi, akaja anapiga kasia hewani kwa mwiko wa ugali.

"Hodi!"

"Karibu," nikasema.

"Umeshakufa," dada akasema. "Hata sijafika."

Tukarudia mara nne. Kila akipiga hodi, mdomo wangu ulikaribisha kabla sijauzuia. Bibi, aliyekuwa akitutazama kutoka mlangoni, akachoka. "Mwizi gani ana haraka hivyo? Nipisheni."

Akaja polepole na mkongojo wake, akasimama hatua mbili kutoka kwenye boti. Alinitazama tu, mpaka nikashindwa.

"Shikamoo, Bibi."

"Mimi hapa si bibi yako. Ni mwizi."

"Shikamoo, mwizi."

"Marahaba. Hawajambo nyumbani?"

"Hawajambo."

"Mko wangapi?"

"Watatu."

"Wenzako mbona siwaoni?"

"Wamekwenda sokoni, watarudi jioni."

Dada alikuwa ameshalala chini kwa kicheko.

"Mwanangu, nina kiu."

Nikashuka kumletea maji. Niliporudi na kikombe, Bibi alikuwa amekaa ndani ya boti, kanga imefungwa vizuri, simu yangu mkononi. "Sasa wewe ndiye uko baharini," akasema. "Ogelea."

Tulifanya hivyo siku tatu. Ijumaa niliweza kumtazama Bibi usoni na kumwambia, "Hapana, mama, usipande," bila kutikisika. Kisha nikamfuata jikoni kumwomba radhi.

Jumamosi simu ikaita: yule mama wa Kizungu. Nikaweka sauti ya nje ili dada asikie. Bibi alikuwa pembeni anamenya maharage. Maswali ya kwanza niliyajibu kama naimba. Ngazi? Juu. Mko wangapi? Simwambii mtu. Nilimsikia yule mama akimnong'oneza mumewe, na sauti ilikuwa ya furaha. Nikajiona nimeshapanda.

"La mwisho," akasema. "Mvua inanyesha. Mzee yuko kwenye mtumbwi mdogo, peke yake. Anaomba apande ajikinge."

"Simruhusu."

"Anatetemeka kwa baridi."

"Namwambia arudi alikotoka."

Bibi akasimama, maharage yakamwagika uani kote. Akasema kwa Kihangaza chetu, kwa sauti ya kusikika mpaka kijiji cha Mabawe.

"Nani huyo?" mama akauliza.

"Bibi yangu."

"Anasemaje?"

Ningeweza kumwambia Bibi anafukuza kuku. Dada alikuwa ananikonyeza nimwambie hivyohivyo. Lakini nilimwona yule mzee, sijui kwa nini, nilimwona amevaa koti la marehemu babu, limelowa.

"Anasema umetaja mzee, hukutaja mwizi. Anasema hakunilea hivyo." Nikampa dada mgongo. "Na mimi, mama, samahani. Nadhani ningempandisha. Na chai ningempa."

Yule mama akasema asante, watanijulisha.

Jumatatu ujumbe ukaja. Nikausoma kwa sauti: "Una moyo mzuri mno kwa kazi hii. Tumechukua mbwa."

Dada alikimbilia nyuma ya jiko akacheka huko. Mimi nililia kidogo, sifichi, maana nilikuwa nimeshaaga nusu ya soko. Bibi akakaa karibu nami, akanipa mhogo wa kuchoma, akawaza.

"Huyo mbwa ni mkali?"

"Lazima awe mkali, Bibi. Ndiyo kazi yake."

"Basi waandikie. Yule mzee wa mvua akija, wamfunge mbwa kwanza."

Nikaandika hivyohivyo, nikatuma.