Kikapu cha Sita cha Wanjira

Sisi watu wa Kibugu tuna adabu iliyopita kiasi. Mgeni akitupikia chai isiyo na sukari hata chembe, akauliza kama imekolea, tutasema imekolea sana, na tutaongezwa kikombe cha pili. Na kama kitu kimetengenezwa na mkono wa mtu tunayemheshimu, kasoro yake tutaibeba wenyewe mpaka ituvunje mgongo. Nalisema hili mapema ili msomaji asije akamlaumu Wanjira peke yake.

Wanjira ana miaka hamsini na minne, na kuanzia ukingo wa msitu hadi barabara ya Embu hakuna anayepasua mwanzi akamfikia. Alianza kusuka vikapu vya kuchumia majani chai akiwa msichana. Watu walipohamia magunia ya nailoni alichekwa, akaendelea kusuka, akiwauzia wachache waliojua kwamba majani yakisongwa kwenye nailoni hupata joto, yakageuka mekundu, na karani wa kituo cha kununulia majani akayakataa. Ni mtu mwenye kiburi kidogo, na kiburi hicho ndicho kilichosomesha watoto wake.

Mwaka jana akaja Winfred, binti wa Meru mjini anayesomea ubunifu chuo kikuu. Watu wa chuo tumewazoea. Huja na fomu, zikajazwa, wakaenda zao. Huyu alikuja na gambuti na blanketi, akalala kwa Wanjira. Utafiti wake, alivyotueleza, ulikuwa wa mikono: kutengeneza kitu pamoja na wale watakaokitumia, wakivae, kiwakere, kitengenezwe upya, na elimu yenyewe itoke humo humo katika kukosea. Alikuwa amezungumza na wachumaji wengi wanaoumwa shingo, na sababu aliisoma kwenye vipaji vya nyuso zao. Kila mmoja ana kijibonde pale, kilichochongwa na mukwa, ule mkanda wa ngozi unaopita juu ya kipaji na kushikilia mzigo mgongoni. Alitaka kikapu cha mwanzi kinachobebwa kwa mabega, ili shingo zipumzike na magunia ya nailoni yaache kuziba vijito vyetu.

Miezi saba walikaa pamoja kwenye kibanda cha Wanjira. Kikapu cha kwanza kilikuwa kizito, cha pili kilichoma kiuno, na makosa hayo waliyaona wenyewe. Cha sita kilipata mikanda ya viti vya magari mabovu, iliyonunuliwa kwa wauza vyuma chakavu pale Embu, na klipu mbili za plastiki za kufungia kifuani. Wakasuka ishirini vya namna hiyo, wakawapa wachumaji wavijaribu mwezi mzima.

Kila jioni Winfred alizunguka na daftari. Kikoje? Ni kizuri. Hakibani? Aa, ni kizuri sana. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na ingawa huku kwetu hakuna mnazi hata mmoja, methali hiyo tulikaririshwa shuleni na tukaijibia mtihani. Wanjira hakuikumbuka. Alianza kupita njia ndefu kwenda dukani ili asikie kikapu chake kikitajwa. Muchangi, mwenyekiti wa kikundi cha wakulima, naye akasikia sifa hizo, akasema kikundi kitaagiza vikapu mia mbili iwapo wageni kutoka chuoni wataridhika.

Siku ya maonyesho ikawekwa, Alhamisi moja ya Novemba. Angeline, mke wa Munyi, mwana wa Wanjira, ndiye angetokea shambani na kikapu kilichojaa, avuke mto kwenye gogo, apande hadi kituo cha kununulia majani. Winfred alitaka njia ile ile ya kila siku, kwa sababu kikapu, alisema, hakijaribiwi kwenye sakafu ya darasa.

Mvua ilinyesha tangu alfajiri. Wanjira alivaa kitambaa kipya cha kichwa, akatia mfukoni kisu chake cha kupasulia mianzi asichokiacha hata akienda kanisani, akapitia shamba la juu kumchukua Winrose, mwenzake wa rika moja, ili naye aje na kikapu chake mbele ya wageni. Alipofika mwisho wa mistari ya chai alikuta vikapu vyake vinne vimepangwa chini ya mti, vikavu, vitupu, vimefunikwa kwa nailoni visilowe. Wanawake wanne walikuwa wakichuma. Migongoni walikuwa na vikapu vyao vya zamani, na mukwa ukiwa juu ya kila kipaji.

Hakuna aliyemwangalia usoni. Wanjira aliuliza ni nini hii, na Winrose akajaribu kwanza kusema kwamba walikuwa wanavitunza visichafuke. Wanjira akamuuliza mara ya pili, na sauti yake haikuwa ya kuchezea. Ndipo ukweli ukatoka, kidogo kidogo. Mwezi wote walikuwa wakichumia vya zamani, na karibu na kituo, Winfred anapongoja na daftari lake, wanahamishia majani kwenye vipya.

"Ni hapo kwa gogo, Wanjira," Winrose alisema. "Na mukwa, ukiteleza unarusha kichwa nyuma, mzigo inaenda, wewe unabaki. Hii yako imefunga mtu kama ndama."

"Na hamngeniambia?"

"Tungekuambia aje? Hiyo ni kazi ya mkono yako. Na yule msichana ni mgeni."

Wanjira alihisi uso ukimwaka. Nitasema wazi kilichomwaka: ilikuwa aibu, na chini ya aibu hasira, na hasira yenyewe ilikuwa kwa wanawake wale zaidi kuliko kwa klipu. Kisha likamjia swali lililomtoa hasira yote mwilini. Akauliza ni nani kati ya wale ishirini anayekivaa kweli kweli akivuka mto.

Wanawake wakatazamana. Ni Angeline tu, walisema. Yeye ni mke wa mwanao, angekataa vipi? Na hayupo hapa, ameshateremka.

Wanjira alikimbia. Mwanamke wa umri wake hakimbii hovyo katika mashamba ya chai, kwa maana matawi hukamata sketi na udongo wetu mwekundu ukilowa hauna rafiki. Alianguka mara moja, akainuka, kitambaa kipya kikabaki kwenye miche. Alisikia mto kabla hajauona. Ulikuwa umejaa, maji yamekuwa ya rangi ya kahawia na yanavuta vijiti na majani.

Alitokea juu ya ukingo. Chini yake, Angeline alikuwa amebakiza hatua tatu hivi kufika gogoni, kikapu kimejaa hadi mdomoni, klipu zote mbili zimefungwa vizuri kifuani kama alivyofundishwa. Ng'ambo walisimama wageni wa chuo na miavuli yao, Winfred na simu akirekodi, Muchangi na koti lake la mikutano.

Sauti ya Wanjira ingefika, na yeye alijua. Alifungua kinywa. Akawaona wageni, akaona vikapu mia mbili, akajiona mwenyewe akipiga kelele mbele ya watu wazima kwamba kazi yake ni mbovu. Angeline ana miguu mizuri, akajiambia. Amevuka mwezi mzima. Akafunga kinywa.

Huo wote ulikuwa muda wa kuvuta pumzi moja, na Angeline akakanyaga gogo.

Alifika katikati. Mguu wa kulia ukateleza, akaanguka gogo likiwa katikati ya mapaja yake, na kwa bahati mikono yake ikalikumbatia. Lakini kikapu kilikuwa kimepinduka upande wa maji. Mto ukakishika kwa mdomo, kikajaa, kikaanza kumvuta. Mikanda ya gari imetengenezwa isikatike, na haikukatika. Angeline aliachia mkono mmoja akapapasa klipu, akaibonyeza, akaibonyeza tena. Uzito ulikuwa umeikaza na haikufunguka. Wageni walipiga mayowe. Winfred aliitupa simu, akaingia gogoni upande wake kwa magoti.

Wanjira alikuwa karibu zaidi. Hakumbuki alivyoteremka ule ukingo. Anakumbuka gogo baridi chini ya tumbo lake, na uso wa Angeline ukiwa shavu kwa shavu na maji, midomo ikienda bila sauti. Alitoa kisu. Kinapasua mwanzi kwa pigo moja, ila kwenye ule mkanda kiliteleza, ikabidi aukate kwa kukereza, uzi kwa uzi, huku akimwambia Angeline kwa Kiembu asiachie, asiachie, mama yangu asiachie. Mkanda wa kwanza ukaachana, na mzigo wote ukahamia bega la pili. Bega likalia, na Wanjira alilisikia. Winfred alikuwa amefika, amemshika Angeline kwapani. Mkanda wa pili ukakatika. Kikapu cha sita kikaenda na mto, majani yakatapakaa juu ya maji, kijani kizuri kisichochubuka hata kidogo.

Walimtoa hadi ng'ambo. Bega lilikuwa limeteguka, lakini alikuwa anapumua na kutapika maji, na mtu anayetapika hajafa. Gari la wageni likageuzwa kumpeleka hospitali. Watu waliposimama ukingoni, Muchangi aliwaambia wageni kwa sauti ya kutuliza wasiwe na wasiwasi, kwamba wachumaji wote ishirini wamekisifu kikapu, daftari lipo, na leo ni utelezi tu wa mvua.

Ulikuwa mlango ulioachwa wazi, na Wanjira aliuona. Winfred naye alikuwa akimwangalia, matope hadi kidevuni.

"Mwenyekiti, si utelezi," Wanjira alisema. "Utelezi uko hapa tangu nizaliwe. Ni kikapu. Na hiyo daftari imejaa heshima, haina kitu ingine."

Akawaeleza kuhusu mukwa na kurusha kichwa, na vikapu vinne vikavu chini ya mti. Aliyaeleza yote isipokuwa ile pumzi moja. Oda ikaishia hapo hapo. Winfred hakujitetea. Aliuliza tu kama Winrose na wenzake wangekubali kumwonyesha, kesho, mahali pakavu, jinsi kichwa kinavyorushwa.

Angeline alirudi nyumbani Jumamosi, mkono umefungwa kifuani. Munyi alitoka kwenda kukamua ng'ombe, na Wanjira akabaki na mke wa mwanawe jikoni. Hawakuwa watu wa kuongea sana hawa wawili. Miaka minne walikuwa wamekaa kiwanja kimoja wakiagizana chumvi na maji.

Wanjira alimimina chai, akaiweka chini bila kuinywa. Akamwambia kwamba alikuwa juu ya ukingo kabla hajakanyaga gogo. Kwamba alikuwa ameshajua. Kwamba alifungua kinywa akakifunga, kwa ajili ya vikapu mia mbili na jina lake. Alisema bila kulia, akiyaangalia makaa. Alikuwa anaogopa kuliko alivyoogopa mtoni, kwa maana neno hili likitoka halirudi, na Munyi angelisikia pia.

Nje ng'ombe alikuwa akikataa kutulia na Munyi akimsemesha.

"Hata mimi nilijua, mami," Angeline alisema. "Hiyo klipu ilikwama siku ya pili. Nilikaa nayo kwa barabara mpaka mtu akanifungua."

"Na ukaendelea kuivaa?"

"Siku ile ulinipima mabega na hiyo kikapu, ulinichekea." Aliangalia mkono wake uliofungwa. "Tangu niolewe hapa hukuwa umewahi kunichekea."

Wanjira alichukua kikombe, akapuliza chai ipoe, akamshikia mdomoni anywe.