Shimo la Pili Mchangani

Mchanga wa mto ukichimbwa hadi futi ya nne au ya tano hutoa harufu ya baridi, kama ya chungu kipya kilichotiwa maji kwa mara ya kwanza. Utotoni kwetu, bondeni chini ya soko la Mbumbuni, harufu hiyo ilikuwa habari njema. Mto wetu ni wa mchanga. Maji hupita juu siku chache za mvua yakielekea Mto Athi, halafu hujificha chini, nasi huyafuata huko kwa jembe na kata. Kila boma lilikuwa na shimo lake lililozungushiwa miiba ili ng'ombe wasiingie, na kiangazi kilivyoendelea ndivyo shimo lilivyozidi kuzama, hata mwezi wa tisa mtu akishuka ndani ulimwona kichwa tu. Mama alishuka, akachota, akanipa kata, nikamimina kwenye mtungi, kisha tukangoja maji yarudi. Kungoja huko ndiko kulikonifanya mtu wa wasiwasi. Nilikuwa nikilitazama tope la chini likikaa tu bila kung'aa, nikijiuliza kama leo ndiyo siku ambayo hayatarudi, na mvua bado iko mbali.

Nilikuwa na miaka kumi Shangazi Kavata, dada yake baba, aliporudi nyumbani kutoka Mtito Andei. Alikuwa akiwapikia madereva wa malori, hoteli ikafungwa, naye akaja na watoto watano na masufuria yake yote. Mama alimpokea kwa moyo mweupe. Mimi pia nilifurahi, kwa siku mbili hivi. Tulikuwa sita, tukawa kumi na wawili. Mitungi minne kwa siku ikawa minane, na shimo halikuwa na habari kwamba tumeongezeka. Nilimpenda sana binamu yangu Wayua, aliyenipita mwaka mmoja na aliyejua majina ya malori yote ya barabara ya Mombasa, lakini akinywa kikombe cha pili nilimkodolea macho kama mwizi. Tulianza kungoja maji yarudi mpaka jua linapanda, na mara nyingi tulifika shuleni wenzetu wakiwa wameshamaliza somo la kwanza.

Wazo la kuchimba shimo la pili lilikuwa langu, nami sijawahi kumsingizia mtu mwingine. Likizo ya mwezi wa nane, mimi na Wayua tuliteremka hatua kama thelathini kutoka shimo letu, mahali ambapo mchanga ulikuwa mweusi kila asubuhi, tukachimba siku tatu. Maji yalikuja upesi, mengi, meupe. Baba alipomaliza kuombea chakula siku hiyo alisema mbele ya wote kwamba wasichana wametuokoa, nami nikavimba kichwa. Shangazi akaanza kufua nguo mara mbili kwa wiki. Tuliamini kwamba shimo jingine ni maji mengine. Hakuna mtu mzima aliyeuliza yanatoka wapi, labda kwa sababu kila mmoja alikuwa amechoka kungoja.

Chini yetu kidogo lilikuwa shimo la Mama Mwikali, mjane mwenye binti mmoja na miche arobaini ya michungwa. Miche hiyo ndiyo iliyokuwa tegemeo lake lote. Kila jioni aliipa kila mche kata moja ya maji, akihesabu kwa sauti, na alikuwa amemwambia kila mtu kanisani kwamba machungwa hayo yatakuja kumtunza Mwikali. Wiki mbili baada ya sifa zetu alikuja kwetu na mtungi mtupu kiunoni.

"Mama Nduku, shimo langu limekuwa na nini? Nachimba, nachimba, ni matope tu."

"Ni hili jua," Mama alisema. "Jua ya mwaka huu ni kali."

Alimjazia mtungi, akamsindikiza mpaka kwenye njia, kisha akateremka mtoni peke yake. Nilimwona toka juu akisimama kwenye shimo letu la kwanza, akaenda la pili, akaenda la Mama Mwikali, akarudi tena la pili. Aliporudi aliniambia nichukue jembe nikalifukie.

"Lakini mwaitu, ni letu. Tulichimba sisi," nilimwambia mama yangu, karibu nilie.

"Shimo ni letu, lakini maji tunachota huko ni yake. Shika jembe."

Shangazi alikuwa amekaa mlangoni akichagua maharagwe. Hakuinua macho. "Wifi, na hawa wangu watakunywa nini?"

Mama akasema tutapunguza. Tulifukia. Tukawa tunaoga Jumamosi tu, na Shangazi akawa anakwenda na punda hadi Athi, akirudi alasiri midomo imempasuka. Maji yalirudi katika shimo la Mama Mwikali baada ya siku tano, ila miche ilikuwa imeshajikunja majani. Kumi na mmoja ndiyo iliyoiona mvua. Hakutulaumu hata siku moja, na hilo lilinitesa kuliko matusi.

Leo shamba la baba limegawanywa mara tisa. Nikisimama kilimani, palipokuwa na maboma matatu naona mabati mpaka macho yanauma, na kila bati lina tangi lake, na kila tangi lina bomba linaloshuka mtoni. Kule Kibwezi wanalima kwa maji ya Athi mwaka mzima, nao wanaongezeka kama sisi. Nikialikwa kumwona mtoto mchanga, kabla sijamshika nimeshahesabu mitungi yake, na naona haya. Juzi walikuja wataalamu wa maji, wakatukusanya kanisani, kijana mmoja mwenye adabu akatueleza tutakuwa wangapi wajukuu wangu watakapokuwa na watoto wao, na maji watakayohitaji yatakuwa mara ngapi ya haya. Tulipiga makofi. Niliinuka nikauliza mto nao utakuwa mara ngapi. Alicheka, na kanisa lote likacheka. Sikuwa nafanya mzaha.

Mimi pia nina mashine ya kuvuta maji. Imekaa mchangani kama nyingine zote, na aliye chini yangu simjui vizuri. Ni kijana aliyenunua ploti mwaka jana, analima nyanya. Wiki iliyopita alinipigia simu asubuhi.

"Mum, leo usiwashe mashine mpaka saa sita, tafadhali. Nyanya zangu ziko kwa maua, na huku yangu inavuta hewa tu."

Nilimwambia sawa, na nilisema kweli. Saa tatu binti yangu akaja kuniambia tangi limebaki mashapo tu, wajukuu hawajanywa chai na ng'ombe analia zizini. Nilisimama mlangoni nikatazama mbingu, hakuna hata wingu. Nikawasha mashine. Yule kijana alipopiga simu tena, niliiacha iite mpaka ikanyamaza.